Niliacha benki, mshahara ukashuka kwa milioni 2.5: hesabu zilivyokaa kwetu

Mdogo wangu, nimesoma swali lako mara mbili. Wewe uko benki, shemeji yuko kwenye mradi wa afya wa wafadhili, pamoja mnaingiza kama milioni 10 kwa mwezi kabla ya makato, na umepata kazi ya uhasibu chuoni, tulivu ila mshahara mdogo. Unauliza kama mtamudu. Waliotangulia wamekujibu "pesa siyo kila kitu". Hao hawajalipa ada Januari.

Mimi nilikuwa afisa mikopo hapa Dar kwa miaka tisa. Orodha ya mikopo chechefu (ile ambayo wateja hawarejeshi) ilikuwa inaingia kwenye grupu la WhatsApp saa kumi na moja alfajiri, majina yetu yamepangwa kuanzia anayeongoza hadi anayeburuza mkia. Ikafika mahali simu ya abiria mwenzangu ikilia tu kwenye mwendokasi, tumbo langu linakata. Nikapimwa presha, 160 kwa 105, nina miaka 36. Siku ile ile nikarudi ofisini, maana ilikuwa tarehe 29 na targeti haijafika.

Tuje kwenye hesabu. Nilikuwa nalipwa milioni 6, kazi mpya (uhasibu wa shule binafsi) ikanipa 3.5. Mume wangu alivyosikia alikula ugali wote bila kusema neno. Lakini pengo la kwenye barua ya ajira silo la mfukoni. Toa NSSF (mfuko wa pensheni) asilimia 10, toa PAYE (kodi ya mshahara), ambayo ukivuka milioni moja inakata asilimia 30 ya kila kinachozidi. Ile milioni 6 ilikuwa inaniletea 3,952,000, hii 3.5 inaniletea 2,377,000. Pengo la kweli ni 1,575,000. Bado ni hela nyingi, sikudanganyi, ila milioni 2.5 siyo.

Kilichotaka kunitoa roho ni mkopo wa wafanyakazi. Wewe uko benki, unaujua: riba ya chini ni kwa sababu wewe ni mfanyakazi. Siku unaondoka, inageuka riba ya wateja wa kawaida. Nilikuwa nimebakiza milioni 48 za nyumba ya Goba, miaka saba mbele, riba asilimia 8, rejesho kama 750,000. Kwa asilimia 17 rejesho lilikuwa linaruka hadi kama 980,000, huku mshahara umeshuka. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wenzangu wengi wanalia chooni lakini hawaachi kazi. Sikuacha mwaka ule. Tuliuza kiwanja cha Bunju, tukaongeza bonasi ya mume wangu, tukalishusha deni hadi milioni 20 ndipo nikaandika barua. Ilichukua miezi 14, na miezi hiyo ilikuwa mirefu kuliko ile miaka tisa.

Katikati ya hiyo miezi tulifanya jaribio. Kwa miezi sita, mshahara wangu ukiingia, 1,575,000 inahamia siku hiyo hiyo Mfuko wa Ukwasi wa UTT (mfuko wa uwekezaji wa pamoja), tunaishi kana kwamba nimeshaacha. Mwezi wa kwanza tulikwama tarehe 19. Tukanunua kaunta buku, kila kitu kinaandikwa, hata vocha. Nilidhani mchawi ni mafuta ya magari mawili. Wapi! Ilikuwa michango. Kitchen party, sendoff, harusi, ubarikio wa mtoto wa mtu tuliyesoma naye: Desemba peke yake 640,000. Na ukizoeleka kutoa laki mbili, siku ukitoa elfu hamsini mweka hazina anakupigia kuuliza kama mnaumwa. Tukazoea kuulizwa. Hela ya mama mkwe hatukuigusa, na nakushauri na wewe usiiguse, utaokoa laki moja ununue vita vya miaka kumi.

Miezi sita ilipoisha tulikuwa na 9,450,000 pembeni na tulikuwa hatujafa njaa. Gari moja liliuzwa.

Kwako wewe ninachokiogopa zaidi ni kazi ya shemeji. Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, majirani zetu wawili wa miradi walikaa nyumbani ndani ya wiki chache, wote walikuwa wanalipwa kutuzidi sisi. Ninyi mna mishahara miwili mikubwa, lakini mmoja unategemea mfadhili. Ukiacha mwenyewe, fao la upotevu wa ajira la NSSF halikuhusu, hilo ni la aliyeachishwa. Bima ya watoto nayo iangalieni: kama iko kwa mwajiri wako, hamieni ya shemeji kabla hujakabidhi kitambulisho, na ulizeni kabisa chuoni wanatoa ipi.

Halafu shule nako kuna presha zake, wazazi wa kuahidi "kesho, mhasibu" mpaka muhula unaisha. Ila saa kumi na moja jioni niko nyumbani na presha yangu sasa inacheza 130 kwa 85.

Lete hapa salio la mkopo wako wa kazini, riba yake ikigeuka inakuwa ngapi, na mkataba wa shemeji unaisha mwezi gani. Bila hivyo vitatu siwezi kukuambia acha wala baki.