Maumivu Ndani ya Plasta: Niliyojifunza Kuhusu Fashia

Mtu yeyote aliyewahi kusimama kwenye bucha ya mtaani hapa Nairobi akisubiri nusu kilo yake ameiona fashia, ingawa huenda hakuijua kwa jina. Ni ule utando mweupe unaong'aa juu ya mnofu, ambao muuza nyama huuchuna kwa ncha ya kisu kwa sababu hautafuniki. Katika mwili wa binadamu, tabaka lake la juu limelala chini ya ngozi, likiwa legevu na limechanganyika na mafuta, na la ndani ni gumu, limesukwa kwa nyuzi za kolajeni, nalo huizunguka misuli na kuitenga katika mafungu. Mimi niliufahamu utando huo kwa njia mbaya.

Muundi wangu ulivunjika jioni moja, bodaboda niliyoipanda ilipogongana na gari kwenye Barabara ya Jogoo. Katika hospitali niliyopelekwa nilipigwa picha ya eksirei, nikafungwa plasta hadi juu ya goti, nikapewa dawa za maumivu na kuruhusiwa kurudi nyumbani usiku uleule, bila mtu kuniambia ni maumivu ya aina gani yangepaswa kunirudisha. Kufikia usiku wa manane mguu uliniuma kuliko ulivyoniuma pale barabarani. Nikadhani mfupa uliovunjika sharti uume, basi nikameza vidonge zaidi na kujikaza kiume, huku mama akiuinua mguu juu ya mito mitatu.

Alfajiri aliitwa jirani yetu, muuguzi mstaafu. Hakuuliza habari za mfupa. Alikishika kidole gumba cha mguu na kukikunja taratibu kuelekea chini, nami nikapiga ukelele. Kisha akaigusa ngozi iliyo kati ya kidole hicho na kile cha pili, akaniuliza kama nasikia chochote. Sikusikia.

"Mwanangu, haya si maumivu ya mfupa," alisema, akamwagiza kaka yangu atafute gari.

Alichokitambua ni hiki. Chini ya goti, fashia ya ndani ikishirikiana na mifupa huugawa mguu katika vyumba vinne, na kila chumba kina misuli, mishipa ya damu na neva zake. Kuta za vyumba hivyo hazitanuki. Misuli inapovimba au damu inapovuja kutoka kwenye mfupa uliovunjika, shinikizo hupanda ndani ya chumba kisicho na pa kupumulia, na plasta iliyobana huwa ukuta wa pili juu ya ule wa kwanza. Vimishipa vidogo vya damu, ambavyo nguvu yake ni ndogo, huzibwa mapema, ilhali mshipa mkubwa unaweza kuendelea kudunda kwenye kifundo kana kwamba mambo ni shwari. Ndiyo maana mapigo ya damu mguuni si ushahidi wa usalama. Misuli na neva zikikosa damu kwa muda wa takriban saa 6, madhara huenda yasirekebishike tena.

Katika hospitali ya pili walinipasulia plasta yote pamoja na pamba ya ndani, wakaushusha mguu ukalingana na moyo, kwa kuwa kuuinua sana katika hali ile hupunguza damu inayoingia. (Mama bado hujilaumu kwa ile mito, ijapokuwa kwa uvimbe wa kawaida asingekuwa amekosea.) Halafu nikapelekwa thieta, ambako daktari wa upasuaji alizipasua fashia kwa mikato miwili mirefu, akaviacha vidonda wazi kwa siku kadhaa hadi uvimbe ulipopungua. Baadaye sehemu moja ilifunikwa kwa ngozi iliyotolewa pajani. Nilipomuuliza kama aliishona fashia pia, alisema hapana, ni ngozi tu.

Jibu hilo nimelielewa polepole. Ugumu uleule uliotaka kuniua mguu ndio huusaidia mwili kurudisha damu: msuli unapojikaza dhidi ya utando usiotanuka, damu hukamuliwa kupanda kuelekea moyoni. Siku hizi nikisimama muda mrefu kwenye foleni ya matatu, mguu huo huvimba kufikia jioni, na mahali palipopasuliwa msuli hujitokeza kama nundu ndogo.

Si kila maumivu ya fashia ni ya dharura. Yale ya kisigino yanayokuchoma unapokanyaga sakafu asubuhi, ambayo mara nyingi hutokana na fashia ya wayo, kwa kawaida hupungua kwa miezi kadhaa ya kunyoosha wayo na shavu la mguu na kuvaa viatu vyenye soli nzuri. Hayo yanakupa nafasi ya kusubiri. Lakini kwa aliyefungwa plasta, au aliyefungwa vijiti kwa nguvu na fundi wa mifupa kijijini, maumivu yanayozidi saa baada ya saa licha ya dawa, yanayoongezeka vidole vinaponyooshwa au kukunjwa na mtu mwingine, au yanayoandamana na ganzi, hayangoji kupambazuke. Usikandwe wala usiongeze vidonge. Rudi hospitali usiku huohuo, na ukifika usiseme tu kwamba mguu unauma, kwa maana kila aliyevunjika huumwa. Eleza kwamba maumivu yanazidi, taja saa yalipoanza kuzidi, na uombe plasta ifunguliwe wakati wewe upo hapo.