Maswali ya Wasomaji: Tangazo Langu Halisomwi

SWALI: Nauza gesi ya kupikia Mbagala. Kila Ijumaa natuma ujumbe mfupi kwa wateja 400, unaoanza na "OFA KABAMBE! KARIBUNI WATEJA WETU WAPENDWA". Wanaojibu hawafiki kumi. Nimeongeza emoji za moto, bado. Nakosea wapi?

JIBU: Ndugu, maneno hayo yamekula herufi 42, nafasi zikiwemo, na gesi haijatajwa. Ujumbe ukiingia, mteja huona mstari mmoja tu juu ya kioo. Kama mstari huo ungeweza kuwa wa duka la viatu, anaupita. Anza na shida yake, kisha kiasi na muda: "Gesi imeisha? Mtungi wa kilo 6 mlangoni kwako kwa dakika 45." Hizo 45 ziwe za kweli. Pima bodaboda wako anatumia muda gani jioni, wakati wa foleni, siku kadhaa, uchukue ule mrefu kuliko yote. Ukiahidi 30 mtungi ukafika baada ya saa nzima, ujumbe wako ujao hausomwi, uuandike utakavyo.

Emoji, kwa kweli, zinakula pesa yako. Ujumbe wa kawaida hubeba herufi 160. Weka emoji moja tu, unabeba 70. Ukizidi hapo unakatwa vipande vya 67. Ujumbe wa herufi 150 basi unalipiwa mara tatu: wateja 400, malipo ya jumbe 1,200. Hata ile alama iliyopinda ya ng’, ukiinakili kutoka kwenye kompyuta, inaleta hasara hiyohiyo. Tumia iliyonyooka: ng'.

Kabla ya kutuma, andika vichwa kumi, yaani mistari kumi tofauti ya kuanzia ujumbe. Vitatu vya mwanzo karibu kila mara ni vile ambavyo jirani yako ameshaviandika. Chagua viwili, gawa wateja nusu kwa nusu ukichanganya mitaa, tuma saa ileile, maneno mengine yote yabaki yaleyale. Ukipata majibu 9 huku na 11 kule, hujajua kitu bado. Rudia Ijumaa inayofuata.

SWALI: Kwenye bango la barabarani niandike "Hutaamini bei zetu"?

JIBU: Hapana, andika bei yenyewe. Maneno yasizidi saba. Herufi ziwe na kimo cha sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali. Anayesoma kutoka mita 30 anahitaji sentimita 25. Namba ya simu iwe moja.