Siri Ambayo Mlezi wa Kujitolea Hapaswi Kuahidi

Ukikubali kuwa mlezi wa kujitolea, yaani mtu mzima wa kukutana na kumshauri kijana aliyetoka mtaani au kwenye nyumba yenye vipigo, mweleze siku ya kwanza ni siri zipi hutaweza kuzitunza. Mwambie: "Tunayoongea yanabaki hapa. Ila ukisema kuna mtu anakuumiza, au unataka kujidhuru, nitamwambia anayeweza kukusaidia, na wewe utajua nimemwambia nani." Wengi huruka hatua hii wakihofia kumtisha. Kijana akishafunguka, mlezi inambidi avunje ahadi au anyamaze, na yote mawili yanamwumiza mtoto.

Akikwambia amebakwa, sikiliza. Usimuulize alifuata nini kule. Uliza kama usiku wa leo ana pa kulala salama, kisha andika maneno yake kama alivyoyatamka, na tarehe na saa. Usimrudishe kusimulia upya. Kazi hiyo ni ya waliofunzwa. Kama ni tukio la karibuni, asioge kwanza, na nguo zake ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu unyevu ndani ya plastiki huharibu ushahidi. Wahini hospitali: dawa za kinga ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa. Kwa Tanzania, mpe taarifa afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba 116, ya simu ya msaada kwa watoto, hupigwa bure. Usikubali kabisa yamalizwe kindugu kwenye kikao cha ukoo. Mara nyingi mtuhumiwa ndiye anayelisha nyumba hiyo, na mtoto ndiye ataambiwa asamehe.

Siku za kawaida, kutaneni mahali panapoonekana na watu, si chumbani kwako. Ada ilipwe shuleni moja kwa moja. Kijana anayepokea hela mkononi mwako huanza kukwambia unachopenda kusikia. Picha yake usiiweke stetasi hata ukiufunika uso, sare ya shule inatosha kumtambulisha.

Na kama huna mwaka mzima wa kumpa, usianze. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002 kuhusu vijana wa Big Brothers Big Sisters, shirika linalowaunganisha vijana na walezi wa kujitolea, ulionyesha kwamba waliokatiwa uhusiano kabla ya miezi mitatu walizidi kujiona hawana thamani. Ukilazimika kuondoka, mwambie wiki kadhaa kabla, mtaje atakayechukua nafasi yako, na kikao cha mwisho mkae wote watatu.