Mwenyekiti wenu ni mwaminifu? Wetu pia alikuwa mwaminifu

Mkuu, simama hapo hapo. Nimesoma swali lako nikiwa kwenye daladala nikashindwa kusubiri nishuke. Mko wapangaji 60, mmechangishana, mmepata shamba la eka nne, unauliza ramani gani ya nyumba ni nafuu, wafadhili mtawapata wapi, michango iwe ya wiki au ya mwezi. Halafu katikati umepachika, kama jambo dogo tu: "mkataba utasomeka jina la mwenyekiti kwa sasa, ni mtu mwaminifu sana."

Wetu naye alikuwa mwaminifu. Kosa lake moja tu: alikufa.

Mimi nilikuwa katibu. Kaya 43, eka tano, pesa za vikoba na za watu waliouza pikipiki. Mshauri wa mradi, bingwa wa laptopu na chupa yake ya maji, ndiye aliyetuambia tuanze na jina la mtu, usajili unachelewesha, "mtabadilisha baadaye." Baadaye! Hakusema kwamba kubadilisha ni kuhamisha milki mara ya pili, na kodi na ushuru wa stempu juu yake. Akala wali wetu, akapanda gari. Mimi ndiye niliyebeba bahasha, na siku ya kusaini nikapiga na picha: marehemu kashika kalamu, muuzaji anacheka. Picha ile ilikuja kuwa kielelezo kwenye Baraza la Ardhi. Cha upande wa pili.

Baada ya arobaini, Mahakama ya Mwanzo ikamteua kijana wake msimamizi wa mirathi. Sikuona ubaya, nilimchangia hata nauli. Akajaza Fomu Namba 5, ile ya orodha ya mali. Nimeisoma kwa macho yangu: nyumba ya Mbagala, Noah mbovu, shamba eka tano. Mstari wa tatu. Jasho la kaya 43 limekaa chini ya Noah isiyo na giaboksi.

Na kijana utamlaumu nini? Mkataba aliokuta kabatini una jina la baba yake, na shahidi ni mimi. Sisi tulikuwa na daftari la michango na cheti cha kikundi cha halmashauri. Cheti kile kinafungua akaunti na kuombea mkopo, lakini hakikifanyi kikundi kuwa mtu mbele ya sheria, wa kumiliki ardhi kwa jina lake. Miaka mitatu Baraza la Ardhi: wakili, nauli, shahidi mmoja kahama mji, mwingine kahamia upande wa familia ya marehemu. Mwishowe tukapatana nje. Tukanunua eka mbili kati ya tano zetu wenyewe, kwa bei ya mwaka huo!

Kwa hiyo RITA kwanza, yaani wakala wa serikali anayesajili wadhamini, shilingi baadaye. Andikeni katiba, mkae kikao, muhtasari uonyeshe mmewachagua wadhamini gani, mpeleke wasajiliwe chini ya sheria ya wadhamini, Sura ya 318. Mkataba na hati visome Wadhamini Waliosajiliwa wa kikundi chenu. Mdhamini akifa mnazika, mnachagua mwingine, mnawapa RITA taarifa, ardhi haitikisiki. Hata kama mwenyekiti wenu ni malaika. Hasa kama ni malaika, maana hakuna atakayethubutu kumuuliza.

Kule Voi, Kenya, mtaa wa Tanzania-Bondeni (ndilo jina lake, sitanii), miaka ya 1990 walikwenda mbali zaidi: ardhi ikawekwa chini ya udhamini wa jumuiya, mtu akamiliki nyumba aliyoijenga juu yake. Mshauri wetu alitufundisha mfano huo kwa projekta, saa nzima, kabla ya kutwambia tuandike jina la mzee. Mpaka leo nikiona projekta tumbo linaniuma.

Ramani sijui, mimi si fundi. Michango kusanyeni mnavyotaka, mradi iingie benki.

Umesema malipo ya kwanza ni Jumamosi? Mwambieni muuzaji mna msiba.