Mashua moja, majirani watatu

Wiki hii mmeuliza kama nchi jirani na Myanmar zinaweza kumaliza mgogoro wa Warohingya, Waislamu wa jimbo la Rakhine nchini Myanmar wanaonyimwa uraia. Mimi naanza na swali la kabla ya hilo: kwa nini kila jirani hutafuta namna ya kumtupia mwenzake mzigo?

Chukueni Mei 2015. Thailand ilifukua makaburi katika kambi za walanguzi wa binadamu karibu na mpaka wa Malaysia, ikaanza msako. Walanguzi wakaogopa kushusha watu, manahodha wakatoroka, maelfu wakatelekezwa katika Bahari ya Andaman. Hapo ndipo ukaonekana utaratibu wenyewe: jeshi la majini linakuja, linatoa chakula, maji na mafuta, linaielekeza mashua nje ya maji ya nchi yake, linaondoka. Ripotini huo huitwa msaada. Tarehe 14, mashua ya kijani yenye watu mia kadhaa ilikuwa karibu na kisiwa cha Koh Lipe. Helikopta ya Thailand ikadondosha vifurushi vya chakula baharini, wanaume waliokonda wakajitosa kuvifuata. Mafundi wa jeshi wakaitengeneza injini, na kabla ya kupambazuka mashua ikawa imeshaondolewa. Mafuta bila nahodha wala bandari ya kupokelewa si uokoaji! Waliowatoa baharini, tarehe 20, ni wavuvi wa Aceh, Indonesia.

Siku hiyohiyo Malaysia na Indonesia zilikubali kuwahifadhi, kwa sharti kwamba ndani ya mwaka mmoja wapelekwe kwingine. Thailand haikuahidi hifadhi. Tarehe 29 Myanmar ilihudhuria mkutano wa Bangkok kuhusu mashua hizo. Jina Rohingya, ambalo Myanmar hailikubali, halikuwamo kwenye mwaliko.

China ina mabomba ya mafuta na gesi yanayoanzia Kyaukphyu, Rakhine, na kura ya turufu Umoja wa Mataifa. India ina bandari iliyoijenga Sittwe, hukohuko Rakhine. Hao sitegemei waibane Myanmar.

Bangladesh nilitaka kuilaumu kwa kutia saini mkataba wa kuwarejesha watu Novemba 2017, miezi mitatu tu baada ya jeshi la Myanmar kuanza mauaji ya Warohingya. Lakini ilipokea zaidi ya watu 700,000 bila kuwa imesaini Mkataba wa Wakimbizi wa 1951. Agosti 2019 mabasi yalisubiri kambini, hakuna aliyepanda, kwa kuwa kadi waliyoahidiwa haikuwa uraia, na sheria ya Myanmar ya 1982 inayowanyima uraia huo ilikuwa palepale. Bangladesh haikuwalazimisha. Haikuwa kama mwaka 1978, wakimbizi wa awali walipopunguziwa mgao wa chakula kambini hadi wakarudi, na maelfu wakafa.

Basi jibu langu ni hapana, majirani hawawezi kuumaliza, maana uraia hautoki Dhaka wala Bangkok. Vifo vya baharini, hivyo wanaweza kuvipunguza sana hata msimu huu, wakiacha kusukuma mashua. Ila hata hiyo "hapana" naishikilia kwa tahadhari: tangu Desemba 2024 upande wa pili wa mpaka wa Bangladesh umeshikwa na Jeshi la Arakan, kundi la waasi wa Rakhine. Mkataba wowote wa kurejea utakaosainiwa na serikali ya Naypyidaw, mji mkuu wa Myanmar, peke yake hautampeleka mtu Maungdaw, mji wa mpakani walikotoka wengi wao.