Athari za chanjo au madhara ya chanjo?

SWALI: Nafundisha Kiswahili katika shule ya upili hapa Nairobi, upande wa Eastlands. Wanafunzi wangu wanajiandaa kwa mdahalo wenye hoja hii: “Katika kutengeneza chanjo, usalama utangulizwe kuliko kasi.” Watetezi wa hoja wanasema “madhara ya chanjo”, wapinzani wanasema “athari za chanjo”, na kila upande unadai mwenzake anapotosha lugha. Nani ana haki? Na je, ni sawa kusema mtoto “amedungwa chanjo”?

JIBU: Mwalimu, maneno yote mawili ni Kiswahili safi, ila moja haliwezi kushika nafasi ya jingine. Athari ni lolote linalotokea kwa sababu jambo fulani limefanyika, liwe zuri au baya. Wataalamu wa fasihi huzungumzia athari ya ushairi wa Kiarabu katika tenzi bila kumaanisha kwamba tenzi ziliharibika. Mtoto akichanjwa na mwili wake ukajenga kinga, hiyo ni athari. Mkono ukivimba siku mbili, hiyo pia ni athari. Madhara yanataka awepo aliyedhurika.

Naelewa kwa nini wanafunzi wengine wanasikia ubaya hata katika athari. Kila mafuriko yakitokea, redio zetu hutangaza misaada ya waathiriwa, na Tanzania neno mwathirika lilitumika miaka mingi kwa mtu anayeishi na virusi vya Ukimwi. Neno limeelemea upande wa msiba, kwa hiyo upande wa upinzani usidhani kwamba limewaondolea lawama.

Kwa maumivu ya mkono, uchovu au homa ya usiku mmoja, wahudumu wa afya wa Tanzania wana msemo ninaoupenda sana: maudhi madogo madogo. Unakiri kwamba usumbufu upo, wala hauukuzi. Natamani uvuke mpaka uje huku.

Lakini dhara likithibitishwa, litajwe kwa jina lake. Mwaka 1998 Marekani iliidhinisha RotaShield, chanjo ya virusi vya rota vinavyowaharisha watoto. Mwaka uliofuata iliondolewa sokoni, kwa kuwa watoto wachache waliopewa walipata tatizo la utumbo kujipenyeza ndani ya utumbo. Hayo ni madhara. Anayeyaita athari ili kutuliza watu anawanyima wazazi habari wanayostahili, na siku wakigundua hawatamwamini hata anaposema kweli.

Kuna kosa zito zaidi ambalo hukuliuliza. Watu husema “aliugua baada ya kuchanjwa” na “aliugua kutokana na chanjo” kana kwamba ni sentensi moja. Baada ya hutaja wakati tu. Kutokana na hutaja chanzo. Wape wanafunzi mfano wa RTS,S, chanjo ya malaria. Awamu ya tatu ya majaribio yake ilihusisha watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, na vitatu kati yake vilikuwa kwetu: Kilifi, Siaya na Kombewa. Miongoni mwa waliochanjwa, visa vya homa ya uti wa mgongo vilikuwa vingi kuliko kwa wenzao. Je, vilitokana na chanjo? Wakati huo hakuna aliyeweza kuapa kwamba ndivyo, wala kwamba sivyo.

Hapo mdahalo wa wanafunzi wako ulikuwa wa kweli, maana malaria ilikuwa ikiua watoto kila siku huku jibu likisubiriwa. Shirika la Afya Duniani lilichagua kuanza na maeneo machache ya Ghana, Malawi na Kenya, na kufuatilia kwa makini. Kwetu mpango ulizinduliwa Homa Bay mwezi Septemba 2019. Ufuatiliaji haukuonyesha kwamba chanjo ndiyo iliyoleta homa ile, na Oktoba 2021 shirika hilo likapendekeza itumike kwa upana. Anayetetea usalama atasema tahadhari ilileta uhakika. Anayetetea kasi atauliza ni watoto wangapi waliugua malaria katika kusubiri. Wote wana hoja, mradi kila mmoja ajue lini aseme baada ya na lini aseme kutokana na.

Neno salama nalo lichungwe. Msafiri akirudi bila hata mkwaruzo tunasema amefika salama salimini. Mtaalamu akisema chanjo ni salama, anamaanisha imepimwa na faida yake inazidi kwa mbali hatari yake, ilhali mzazi kwenye foleni ya kliniki anasikia ahadi kwamba hakuna mtoto hata mmoja atakayepata lolote. Mwanafunzi aseme salama kwa nani, na hatari iliyobaki ni ya kadiri gani. Nadhani majaji watamtuza alama kwa hilo.

Kuhusu kudungwa: “amedungwa chanjo” husikika mitaani kote na hueleweka, lakini haifai kwa matone ya polio wala kwa chanjo ya rota, ambazo hutiwa mdomoni. Kuchanja kwenyewe ni kukata ngozi kidogo, kama katika kuchanja chale, ila maana imepanuka na sasa inabeba sindano na matone pia. Kwenye mdahalo waseme amechanjwa au amepewa chanjo. Na athari iko ngeli ya I-ZI: athari hii, athari hizi. “Maathari” wasiitumie.