Linawaka kwenye N, kwenye P linakataa

SWALI: Gari langu la otomatiki, la 1998, halitaki kuwaka gia ikiwa P (kuegesha), ila kwenye N (gia huru) linawaka. Fundi anataka kuunganisha waya moja kwa moja, airuke swichi ya gia. Nikubali? – Msomaji, Umoja

JIBU: Usikubali, dada! Swichi hiyo, ubavuni mwa giaboksi, ndiyo inayozuia gari kuwaka likiwa D (gia ya kwenda mbele) na kumgonga mtoto aliye mbele. Kwa kuwa linawaka kwenye N, stata (mota ya kuwashia injini) na betri hazina kosa. Tenganisha betri, chomoa soketi ya swichi. Mara nyingi nimekuta kutu ya kijani na mafuta. Isafishe, kisha pima kila waya kwa mita ya umeme huku ukiutikisa, maana waya wa zamani hukatikia ndani ya ganda. Waya zikiwa nzima, legeza boliti, uisogeze swichi kidogo hadi alama ya N. Ikishindikana, Kirinyaga Road, Nairobi, utapata swichi iliyotumika. Ipimwe hapohapo kaunta kabla hujalipa.